Uzi wa vikoba: kuanzisha, kuendesha sanduku, kuvunja, na sehemu ambazo hela hupotelea

#1 Mzee wa Daftari

Wakuu, salaam.

Desemba watu wanavunja vikoba, Januari wanakuja humu kuuliza mbona hela haikutosha. Maswali ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo tuyaweke sehemu moja. Mwenye nyongeza aongeze, anayeona nimekosea asinionee haya.

Kwanza maneno, maana watu wanachanganya. Mchezo (wengine kibati, wengine upatu) ni watu 10, kila mmoja anatoa 50,000, mmoja anabeba 500,000, mwezi ujao anabeba mwingine. Kijumbe anakusanya, anapeleka, basi. Hakuna riba wala sanduku. Kikoba ni kitu kingine: hela inaingia kama hisa, wanachama wanakopeshana, riba inarudi humo humo, mwisho wa mzunguko kila mtu anachukua kulingana na hisa zake, na huko ndiko kuvunja. Mfumo huu wa sanduku ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa Kihausa. Kwetu ukafika ukapata matawi: kuna vikundi vya "hisa" vya kawaida na kuna VICOBA vyenye vikundi vidogo vya watu watano watano wanaodhaminiana. Kanuni za msingi hazitofautiani sana.

Watu: 15 hadi 30. Chini ya 15 mfuko unakuwa mwembamba, wakikopa wawili umeisha. Ukizidi 30 kikao kinakwenda saa tatu, watu wanaanza kutuma hela kwa jirani badala ya kuja, na kikoba cha kutumiana hela si kikoba tena. Wawe watu wanaojua mwenzao analala wapi na anauza nini. Mtu na bosi wake wasikae kikundi kimoja, maana siku bosi akichelewesha rejesho nani atamnyooshea kidole?

Thamani ya hisa ndiyo kosa la kwanza la vikundi vingi. Wanakaa wenye vipato, wanasema hisa iwe 10,000. Utaratibu unaofaa ni huu: mtafuteni mwanachama mwenye kipato kidogo kuliko wote, muulizeni mwezi wake mbaya kuliko yote ni upi, na wiki ya mwezi huo anaweza kutoa shilingi ngapi bila kukopa. Hiyo ndiyo hisa moja. Mwenye nacho atanunua tano. Tano ndiyo mwisho kwa kikao, na msiibadilishe. Sababu ataieleza mtu wa hesabu akifika humu.

Vifaa: sanduku la bati lenye kufuli 3, kitabu cha kila mwanachama, muhuri na wino, mabakuli 2, mifuko 2 ya kitambaa ya rangi tofauti, rula, kalamu, kalkuleta. Fundi bati yeyote anatengeneza sanduku, ila msimamieni. Makomeo na bawaba vipigwe ribiti, visifungwe kwa skrubu za nje. Sanduku lenye skrubu nne nje linafunguliwa na bisibisi ya mia tano huku kufuli zote tatu zimefungwa vizuri zinang'aa. Muhuri nao uwe wa umbo lisilouzwa duka la vifaa vya shule la jirani. Nyota na moyo kila mtoto anayo.

Viongozi watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku, wahesabu fedha wawili. Kisha watunza funguo watatu ambao SI viongozi, na hawakai nyumba moja wala na mtunza sanduku. Kura zipigwe kwa siri. Kokoto kwenye mifuko inatosha kabisa kwa kikundi ambacho wengine hawaandiki.

Katiba iandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Mkiiandika hela ikiwa tayari ndani, kila kifungu kitakuwa na mtu kinachomlenga.

---

#2 Mama Lishe Mstaarabu

Asante mzee wangu. Naomba kikao chenyewe kiende vipi, hatua kwa hatua. Sisi tuko 22, wiki ijayo ndiyo kikao cha kwanza cha kununua hisa na kila mtu anasema lake.

---

#3 Kufuli la Tatu

Dada, huo ndio moyo wa jambo lote, ngoja niandike kwa utulivu.

Kila mwanachama apewe namba, 1 hadi 22, na akae kwa namba kila kikao. Viti ni vile vile, jirani ni yule yule. Mwenyekiti anafungua, anaita mahudhurio kwa namba. Aliyechelewa faini, simu ikilia faini, aliyetuma hela bila sababu faini kubwa zaidi. Faini zinaingia bakuli la faini hapo hapo, haziandikwi deni. Faini ya kuandikwa hailipwi.

Sanduku linawekwa katikati, watunza funguo wanaitwa, kila mmoja anafungua kufuli lake. Vitabu vinatolewa. HELA HAIJAGUSWA BADO. Hapa mwenyekiti anauliza: "Namba 7, kikao kilichopita tuliacha mfuko wa jamii shilingi ngapi?" Namba 7 anajibu kwa kichwa. "Namba 15, mfuko wa mikopo tuliacha ngapi?" Anajibu. Wote wakikubali, ndipo wahesabu fedha wanatoa mifuko na kuhesabu kwa sauti, noti moja moja. Ikilingana na kilichosemwa, mnaendelea. Isipolingana, kikao kinasimama hapo hapo mpaka ijulikane. Watu wengi wanaona ni mchezo wa kitoto, ila ndicho kinachomfanya asiyejua kusoma awe mkaguzi sawa na katibu.

Baadaye mfuko wa jamii: kila mtu kiasi sawa, tuseme 1,000, hakuna kutoa zaidi wala pungufu. Kama kuna mgonjwa au msiba wa kuhudumia, unatolewa hapo, kisha unahesabiwa, unatangazwa, unafungwa kwenye mfuko wake. Hauchanganywi na hela ya hisa hata kwa dakika moja.

Kisha hisa. Namba 1 anakwenda mezani na hela yake mkononi, anasema kwa sauti "nanunua tatu". Wahesabu fedha wanahesabu, wanasema "tatu", katibu anagonga mihuri mitatu kwenye mstari wa wiki hiyo, na visanduku viwili vilivyobaki anavikata mstari kwa kalamu. Hicho kimstari usikidharau. Kisanduku kilichoachwa wazi kinaweza kugongwa muhuri mwezi wa tisa na mtu mwenye wino. Namba 1 anaangalia kitabu chake, anakirudisha, Namba 2 anaitwa. Vitabu HAVIENDI nyumbani, vinalala sandukuni. Anachokwenda nacho mtu nyumbani ni idadi ya hisa zake kichwani.

Marejesho yanafuata, halafu maombi ya mikopo. Muombaji anasimama, anataja kiasi, kazi ya hela na muda. Kikundi kinauliza. Hela anakabidhiwa mbele ya wote, anahesabu mbele ya wote, anasaini kitabuni.

Mwisho: mfuko wa mikopo unahesabiwa, unatangazwa mara mbili, wote wanarudia kwa sauti. Jamii 41,000. Mikopo 16,000. Kufuli tatu, kwisha. Kikao cha watu 22 waliozoea hakizidi saa moja na nusu. Cha kwanza kitawachukua mbili na zaidi, msiogope.

Sheria moja juu ya zote: hela haitoki wala kuingia nje ya kikao. Mtu akimfuata mtunza sanduku saa tano usiku na mtoto anaumwa, jibu ni kwamba hana funguo, na kweli hana. Ndiyo maana mfuko wa jamii unaweza kuacha nje ya sanduku kiasi kidogo cha dharura kwa utaratibu ulioandikwa kwenye katiba, lakini hisa hapana.

---

#4 Hesabu Haidanganyi

Mzee wa Daftari kaniachia kazi, haya.

Mgao. Tuchukue kikundi cha watu 24, hisa 2,000, kila wiki kwa wiki 48. Tuseme mwisho wa mwaka hisa zilizonunuliwa ni 3,900. Hiyo ni 7,800,000 ya watu wenyewe. Riba na faini zimeleta 1,755,000. Jumla sandukuni siku ya kuvunja: 9,555,000. Gawanya kwa 3,900, unapata 2,450 kwa hisa. Mwenye hisa 120 aliweka 240,000, anaondoka na 294,000. Aliyenunua tano kila wiki ana hisa 240, aliweka 480,000, anaondoka na 588,000. Hakuna kanuni ngumu, ni kugawanya mara moja na kuzidisha mara 24.

Sasa kwa nini hisa zisizidi tano kwa kikao. Angalia vizuri: kwenye mgao huu hisa iliyonunuliwa wiki ya 1 na iliyonunuliwa wiki ya 47 zinalipwa sawa, 2,450. Ya wiki ya 1 imezunguka mwaka mzima kwenye mikopo, ya wiki ya 47 haijafanya kazi yoyote. Mkiruhusu mtu "afidie" hisa alizoruka, mjanja atakaa kimya miezi kumi, halafu wiki za mwisho analeta laki tatu, ananunua hisa 150 na kuchuma 450 kwa kila moja kwa jasho la wenzake. Hiyo ni 67,500 kwa siku chache. Kikomo cha tano, na wiki iliyopita imepita, ndivyo vinavyomzuia. Kuna vikundi vinapiga hesabu ya riba kwa muda ambao kila hisa imekaa. Ni haki zaidi, lakini inahitaji mtu wa kompyuta, na siku wanachama wasipoweza kuifuata hesabu wenyewe mmerudi kwenye kumwamini katibu.

Riba. Vikundi vingi ni asilimia 5 kwa mwezi, vingine 10. Ulizeni: asilimia 5 ya nini? Mkopo wa 300,000 miezi mitatu, mtu anapunguza 100,000 kila mwezi. Mkitoza kwenye salio, analipa 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000, jumla 30,000. Mkitoza kwenye mkopo wa mwanzo miezi yote, ni 45,000. Vyote viwili vinaitwa "asilimia tano" kwenye vikao. Chagueni kimoja, kiandikeni kwenye katiba pamoja na mfano wenye namba, kama huo hapo juu. Kifungu kisicho na mfano kitasomwa na kila mtu kwa faida yake.

Kiwango cha mkopo: mara tatu ya hisa za mtu ndiyo desturi. Lakini mjue mnachobeba. Mtu ana hisa 100, yaani 200,000. Kakopa 600,000 kahama mji. Kwenye mfano wetu, 600,000 haipo, hisa zake 100 zinafutwa. Inabaki 8,955,000 kwa hisa 3,800, sawa na 2,356 na ushee. Kila hisa ya kila mtu imeshuka shilingi 93 hivi, na mwenye hisa 240 amepoteza zaidi ya 22,000 kwa mkopo wa mtu mmoja. Mzunguko wa kwanza mimi nasema mara mbili inatosha.

---

#5 Mpinga Kuvunja

Wakuu mnaeleza vizuri ila mnawafunga watu kwenye umaskini. Kwa nini kuvunja kila mwaka? Mtaji umefika milioni tisa, mnagawana, watu wanakula sikukuu, Januari mnaanza na elfu arobaini. Miezi mitatu ya kwanza hakuna mkopo wa maana. Vikundi vinavyojielewa haviwagawii mtaji, vinagawa faida tu, na mwaka wa tatu mtu anakopa milioni tano ananunua bodaboda.

---

#6 Mzee wa Daftari

Hoja yako ina uzito, ndugu yangu, na ndiyo hoja inayoua vikundi vingi kuliko wizi.

Siku ya kuvunja ni ukaguzi. Ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo daftari linalazimika kugeuka noti mezani. Kikundi kisichovunja kinaishi na namba za kitabuni, na kitabu kinavumilia chochote. Mfano: mtu kakopa 500,000. Kila mwezi analeta riba ya 25,000, kwa wakati, bila faini. Mwezi wa kurejesha anasema "niandikieni upya". Baada ya miezi kumi kaleta 250,000, kwenye daftari anaonekana mwanachama wa mfano, na ile 500,000 hakuna aliyeiona tangu alipoichukua. Inawezekana haipo kabisa. Kikundi kinachovunja kitamgundua kabla ya mwaka kuisha. Kisichovunja kitamgundua siku watatu wa namna hiyo watakapotaka kuondoka kwa pamoja.

Kuna jambo la pili. Mtaji ukikua mikopo inaelekea kwa wachache. Mwenye hisa ndogo anaogopa kukopa milioni mbili, kwa hiyo hela yake inakaa inamfanyia kazi yule wa bodaboda. Baada ya miaka mitatu una wakopaji sita na wawekaji kumi na nane, na hao kumi na nane hawasemi kitu kikaoni kwa sababu wale sita ndio viongozi.

Kwa tatizo la Januari kuna dawa ya katikati: mnavunja kabisa, mnahesabu mpaka sifuri, kila mtu anashika chake mkononi. Kisha, kikao hicho hicho, anayetaka anarudisha kiasi kilichokubaliwa sawa kwa wote, tuseme thamani ya hisa 20, kama mbegu ya mzunguko mpya. Neno ni *anarudisha*. Hela ipite kwanza kwenye kiganja chake. Mkisema "tutakata huku huku" hamjavunja.

Na mikopo yote irudi wiki nne kabla ya mgao. Siyo wiki moja, siyo siku ile ile.

---

#7 Korosho Grade One

Kuongezea kwenye kuvunja: nani kasema lazima Desemba? Hiyo ni kalenda ya mjini. Huku Mtwara na Lindi minada ya korosho inaanza Oktoba, kwa hiyo Desemba kila mtu ana hela, kuvunja mwezi huo ni kuongeza chumvi baharini. Hela inahitajika Mei hadi Julai, mikorosho ikihitaji dawa ya salfa. Kikundi cha wakulima wa korosho kivunje Mei. Msimu wa mauzo wanunue hisa tano tano, kiangazi cha mfuko wanunue moja moja.

Wakulima wa mahindi na alizeti wa kanda zenye mvua moja nao waangalie: mbegu na mbolea zinatakiwa kabla ya mvua, Oktoba na Novemba. Kaeni chini mchore mwezi kwa mwezi, wapi hela inaingia, wapi inatoka, mgao muuweke pale kwenye shimo. Mzunguko si lazima uwe miezi 12 kamili, wa kwanza unaweza kuwa wa 9 ili mfike kwenye mwezi mnaoutaka.

---

#8 Wanjiru wa Meza

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kenya chama kingi (ndivyo tunavyoita kikundi cha akiba) kinafanya benki ya mezani: pesa yote inayokusanywa siku hiyo inawekwa mezani na yote inakopwa kabla watu hawajainuka. Hakuna pesa inalala kwa mtu, kwa hivyo hata sanduku si muhimu sana. Ubaya wake ni kwamba mnalazimisha mkopo. Kukibaki elfu ishirini na hakuna mwenye shida, mtu anapewa tu "ili isilale", na mkopo usio na kazi ndio mgumu kulipa. Afadhali ilale.

Kwa usajili sisi tuko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kupitia ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Mnahitaji watu wasiopungua 10.

---

#9 Muhtasari wa Kikao

Upande wa Tanzania: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeweka madaraja manne. La kwanza ni taasisi zinazopokea amana, la pili wakopeshaji wasiopokea amana, la tatu SACCOS (vyama vya ushirika wa akiba na mikopo), la nne ni sisi, vikundi vya kijamii. Benki Kuu imekasimu usajili wa daraja la nne kwa halmashauri, kwa hiyo hamwendi Dodoma wala Dar, mnaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Andaeni katiba iliyosainiwa, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama na sahihi zao, majina ya viongozi, na barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Ofisini waulizeni na mahitaji mengine ya halmashauri yenu kabla ya kupiga chapa, msirudi mara tatu.

Vinavyorudishwa mara nyingi ni vitu vidogo: jina la mtu kwenye orodha halifanani na la kitambulisho, muhtasari hauna tarehe, katiba imenakiliwa kwa kikundi kingine na jina la kile kikundi limebaki ukurasa wa nne. Hilo la mwisho ni la kila wiki.

Pia watu wengine wanaanzisha kikundi kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023 ukarejea 2024. Si vibaya kuomba, lakini kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya hela ya nje hakina desturi ya kurejesha. Wekeni na kukopeshana za kwenu mzunguko mmoja kwanza.

Na tahadhari kuhusu neno upatu. Mtaani maana yake mchezo wa zamu, lakini kwenye matangazo ya serikali "upatu" ni ile biashara ya panda mbegu uvune, anayelipwa leo analipwa kwa hela ya atakayejiunga kesho, kama sakata la DECI la 2009. Hiyo ni jinai. Kikundi kikianza kuahidi faida kwa kuleta watu wapya, ondoka.

---

#10 Kijana wa Muamala

Kwani lazima sanduku zama hizi? M-Koba ya Vodacom ipo tangu 2019, mitandao mingine ina zake, na benki zina akaunti za vikundi.

---

#11 Kufuli la Tatu

Si lazima, kaka, na kwa kikundi cha mjini chenye milioni nane mwezi wa kumi na moja ningesema sanduku peke yake ni hatari. Wiki za kabla ya mgao ndizo wezi wanazozijua, mikopo imerudi na hela iko ndani. Hapo pelekeni benki au kwenye akaunti ya simu ya kikundi, ile ambayo kutoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. ISIWE kwenye laini ya mtunza sanduku. Akifariki, akiibiwa simu au akikopa Songesha (mkopo wa simu unaojikata wenyewe kwenye laini), hela ya kikundi imeondoka naye.

Ila simu isiue kikao. Kikundi cha mtandaoni tupu, watu wanatuma hisa wakiwa kitandani, kinakwenda vizuri mpaka mkopo wa kwanza unaochelewa. Hakuna anayemwona mwenzake usoni, ujumbe unasomwa na haujibiwi. Fanyeni hivi: hela isafiri kwa simu, lakini kikao kibaki, namba zitajwe, kitabu kigongwe muhuri. Makato ya kutuma na kutoa nayo muyaamue mapema, ni ya mwanachama au ya mfuko? Hisa ya 2,000 ikikatwa njiani, katibu ataandika 2,000 na mfuko utapungua kila wiki bila mwizi.

---

#12 Bibi Rejesho

Wanangu, mmeongea ya sanduku, ngoja niseme ya marejesho.

Mkopo unaochelewa una dalili kabla haujachelewa. Mtu anaacha kununua hisa tano anashuka moja. Anaanza kutuma hela badala ya kuja. Anaomba mkopo "wa ndugu yangu". Huo wa mwisho ndio mkopo wa kivuli: aliyesaini siye aliyekula. Mtu wa nje hakumbukwi na kikao, hana faini, hana hisa, na mwanachama anakuja kulia kwamba naye kadanganywa. Kwenye katiba andikeni waziwazi kwamba aliyesimama kuomba ndiye anayedaiwa, hata akisema kampa nani.

La pili, mikopo ya kausha damu. Mama ana kikoba Jumatatu, kikoba kingine Jumatano, mchezo Ijumaa. Kila mahali anaonekana mlipaji mzuri kwa sababu anachukua huku anapeleka kule. Rejesho likibana anakimbilia kausha damu, wanamkabidhi ndani ya saa moja, na deni la siku kumi linakula mtaji wa mwezi. Muulizeni kila mwombaji yuko vikundi vingapi, na anadaiwa jumla ya kiasi gani kwa wiki. Wala si umbea, ni hela yenu. Anayezidi viwili, mkopo wake usizidi hisa zake mwenyewe.

La tatu, mkichelewa kumfuata mtu mmefanya kosa. Wiki ya kwanza aliyokosa rejesho, watu wawili waende nyumbani kwake, jioni, kwa salamu. Siyo watu kumi, siyo kubeba tivii. Mkibeba tivii mmepata tivii ya laki moja na mmepoteza deni la laki nne, na mkishtakiwa hamna pa kushika. Kaeni naye mpange upya: kiasi kidogo kila wiki, mbele ya kikao, kiandikwe. Wadhamini wake nao wajue tangu siku hiyo hiyo.

Na msiba. Orodhesheni kwa majina ya uhusiano nani anagusa mfuko wa jamii: mwanachama, mwenza, mtoto, baba na mama mzazi. Mkwe yumo au hayumo? Mke mkubwa na mdogo? Mtoto wa kulea? Msipoandika, mtabishana maiti ikiwa ndani.

---

#13 Mama Lishe Mstaarabu

Shikamoo bibi. Nimechapa uzi wote, tutausoma kikaoni. Swali la mwisho: mwanachama akifariki katikati ya mwaka, ana hisa na ana mkopo, inakuwaje?

---

#14 Bibi Rejesho

Marahaba mwanangu. Ukurasa wa kwanza wa kitabu chake uwe na jina la mrithi alilolitaja mwenyewe, na sahihi ya mashahidi wawili. Kazi hiyo ifanyeni kikao cha kwanza, wote siku moja, asiwepo wa kuona mnamtabiria.

Akifariki, mfuko wa jamii unatoa rambirambi kama katiba inavyosema, na hiyo haikatwi deni. Kikao kinachofuata mnafungua kitabu, mnahesabu hisa zake kwa bei ya kununulia, mnatoa salio la mkopo. Riba inasimama tarehe ya kifo. Hisa zikizidi, mrithi aliyetajwa anaitwa kikaoni, analipwa mbele ya wote na kusaini, siyo shemeji aliyekuja na daftari la rambirambi. Akitaka kungoja mgao ili apate na faida, hisa zinabaki kwa namba ile ile na visanduku vyote vilivyobaki vinakatwa mstari. Deni likizidi, wadhamini na kikundi mnagawana kama mlivyoandika. Msimfuate mjane kabla ya arobaini.

Namba yake msimpe mtu mwingine mpaka mzunguko uishe.

---

#15 Hesabu Haidanganyi

Na kwenye kugawanya siku ya mgao, kama mrithi amengoja, hisa za marehemu msizisahau kwenye jumla ya hisa, ile 3,900 ya mfano wangu.